Jinsi usubi alivyotokomezwa Nyanza Kusini, na kitendawili cha kuhesabu wagonjwa wa macho nchini

WATAALAMU wa afya ya macho wana swali moja lililowasumbua kwa miaka mingi: katika taifa zima, ni watu wangapi wanaougua mchochota wa jicho?

Mchochota ni ile hali ya kiungo kuwa chekundu, kuvimba, kupata joto na kuuma wakati kinga ya mwili inapopambana na adui, awe ni mnyoo, bakteria, virusi au, mara nyingine, seli za mwili wenyewe zilizodhaniwa kuwa adui. Kwenye ngozi vita hivyo huonekana waziwazi na kwa kawaida huisha bila kuacha madhara makubwa. Kwenye jicho, ambako nafasi ni finyu na tishu ni laini, vita hivyo hivyo vinaweza kumwacha mtu akiwa kipofu hata baada ya adui kushindwa.

Wengi wanapotaja macho mekundu huwa wanafikiria ugonjwa wa utando wa nje unaoenea shuleni na kupona baada ya siku chache. Huo haupofushi. Unaotia hofu ni mchochota unaoingia ndani: kwenye konea, ambayo ni kioo cha mbele cha jicho, kwenye uvea, tabaka la kati lenye mishipa ya damu, na kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga.

Kiwango cha mchochota wa uvea duniani kinajulikana kwa makadirio mapana mno. Tafiti zilizofanywa katika mataifa mbalimbali zimetoa idadi kati ya wagonjwa 38 na 714 kwa kila watu 100,000. Utafiti mmoja mashuhuri, uliofanywa kaskazini mwa jimbo la California, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2004, ulipata wagonjwa 115 kwa kila watu 100,000, na wapya 52 kila mwaka. Watafiti hao hawakulazimika kutembelea kijiji hata kimoja. Walifungua rekodi za bima ya afya na kuhesabu.

Hesabu hiyo ikiletwa Kenya, ambayo sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha ina watu milioni 47.6, kiwango cha chini kinatoa wagonjwa wapatao 18,000 na kile cha juu takriban 340,000. Katika Kaunti ya Homa Bay pekee, yenye wakazi 1,131,950 kwa mujibu wa sensa hiyo, wagonjwa wangekuwa kati ya 430 na zaidi ya 8,000. Hakuna mpangaji wa bajeti anayeweza kununua dawa au kuajiri daktari kwa kutegemea pengo kama hilo.

Ajabu ni kwamba eneo hilo hilo la Homa Bay na Migori, lililojulikana zamani kama Nyanza Kusini, liliwahi kuwa mahali ambapo ugonjwa mmoja wa mchochota wa macho ulihesabiwa kwa makini, chanzo chake kikasakwa mto kwa mto, na hatimaye ukang'olewa kabisa. Wakazi wengi wa leo hawana habari kwamba tukio hilo lilifanyika kwao.

Bonde la Kodera

Ugonjwa wenyewe ni usubi, ambao pia huitwa upofu wa mtoni. Jina hilo la kwanza ni la mdudu anayeueneza, inzi mdogo mweusi mwenye mgongo uliobinuka, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yanayokwenda kasi. Ndiyo maana waathiriwa ni wale wanaolima, kuvua na kuteka maji kandokando ya mito.

Usubi jike anapomuuma mtu mwenye ugonjwa hufyonza minyoo wachanga wasioonekana kwa macho. Minyoo hao hukomaa ndani ya inzi kwa muda wa wiki moja hivi, kisha huingizwa katika mwili wa mtu mwingine anapoumwa. Humo hukua, hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, na mnyoo jike mmoja anaweza kuzaa minyoo wachanga hadi 1,000 kwa siku. Mnyoo huyo mkubwa huishi miaka 10 hadi 15.

Minyoo wachanga husambaa katika ngozi, wakileta mwasho usiokoma na kuifanya ngozi izeeke kabla ya wakati wake. Wengine hufika machoni. Wanapokuwa hai hawaleti madhara makubwa. Ni wanapokufa ndipo balaa huanza. Mizoga yao, pamoja na bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani yao, huichokoza kinga ya mwili, na mchochota unaofuata hutia makovu kwenye konea na kuharibu retina na mshipa wa fahamu wa jicho. Mtu aliyeumwa mara chache huenda asipofuke. Hupofuka yule aliyeumwa mara nyingi, kwa miaka mingi, na mara nyingi huwa ni mzazi aliye katika umri wa kulea.

Kabla ya uhuru, ugonjwa huu ulikuwa umekita mizizi katika bonde la Kodera, upande wa Kasipul katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, kandokando ya mto Riana, na katika mfumo wa mito ya Kuja na Migori inayomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kaskazini zaidi, eneo la Kaimosi pia liliathirika. Njia ya kuwahesabu wagonjwa ilikuwa rahisi ingawa haikupendeza: mhudumu alipapasa mwili kutafuta vinundu, kisha akakata kipande kidogo mno cha ngozi, akakiweka majini na kukichunguza kwa hadubini kuona kama minyoo wangetoka.

Aliyeongoza vita vya kwanza alikuwa Dkt P.C.C. Garnham, daktari wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Kenya tangu 1925, akishirikiana na mtaalamu wa wadudu, J.P. McMahon. Garnham alikuja kupata sifa duniani mwaka wa 1948 huko London, aliposhiriki katika ugunduzi kwamba vijidudu vya malaria hujificha kwanza kwenye ini la binadamu. Hata hivyo, kazi yake ya Nyanza ilikuwa na manufaa ya haraka zaidi kwa watu aliowahudumia.

Usubi wa Nyanza Kusini alikuwa wa aina inayoitwa Simulium neavei, apendaye mito yenye kivuli cha msitu. Jaribio moja la mwanzo, lililosimamiwa na mtafiti J.J.C. Buckley katika miaka ya 1940, lilikuwa la kufyeka vichaka kandokando ya mto. Kivuli kilipoondoka, usubi naye aliondoka. Lakini kufyeka kingo zote za mito ya Nyanza kulikuwa kazi isiyowezekana, na wakulima wanajua kinachofuata mto unapovuliwa miti yake.

Mwaka wa 1946 Garnham na McMahon walitumia silaha mpya iliyokuwa imetoka katika Vita vya Pili vya Dunia, yaani dawa ya DDT. Waliitia katika mito ya Kodera kwa vipindi vilivyopangwa, na usubi akatoweka. Kodera ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani ambako mdudu huyo alimalizwa kwa kemikali.

Jambo linaloshangaza zaidi ni kwamba walishinda bila kujua viluwiluwi vya adui wao viliishi wapi. Kwa kawaida viluwiluwi vya usubi hushikilia mawe na majani yaliyozama, lakini vya aina hii havikuonekana huko hata vilipotafutwa kwa bidii. Jibu lilipatikana mwaka wa 1950, wakati McMahon na mwenzake, van Someren, walipotangaza kwamba viluwiluwi hivyo hubebwa migongoni mwa kaa wa mtoni. Kaa anatembea chini ya mawe, na usubi mchanga anasafiri naye bila kulipa nauli.

Baada ya ugunduzi huo kazi ikawa ya uhakika. Waliokuwa wakikagua mito hawakuhitaji tena kukisia. Waliwakamata kaa na kuwachunguza. Kampeni ikapanuliwa katika miaka ya mwanzo ya 1950 hadi Kuja, Migori na maeneo mengine, na mwaka wa 1958 McMahon na wenzake wakachapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) ripoti ya kutokomezwa kwa Simulium neavei nchini Kenya.

Isidhaniwe kwamba ushindi huo haukuwa na gharama. DDT haichagui, huua wadudu wengine wa majini na hudhuru samaki, na leo matumizi yake yanabanwa na Mkataba wa Stockholm ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2004. Mbinu ya Kodera haiwezi kurudiwa kama ilivyokuwa.

Aidha, kuondoka kwa inzi hakukumaanisha kuondoka kwa ugonjwa siku hiyo hiyo. Minyoo iliyokuwa tayari miilini iliendelea kuzaa. Watafiti walirudi kuwapima wakazi miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kutoweka, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1967. Ufuatiliaji huo wa subira, uliofanywa kwa watu wa Nyanza, ni sehemu ya msingi wa kile ambacho dunia inajua kuhusu umri wa mnyoo wa usubi. Mpango wowote wa kutokomeza ugonjwa huu barani Afrika unalazimika kupangwa kwa zaidi ya miaka 10 kwa sababu hiyo.

Nchi nyingine zilichelewa kupata bahati hiyo. Zilisubiri dawa ya ivermectin, ambayo kampuni ya Merck iliahidi mwaka wa 1987 kuitoa bila malipo. Waliogundua msingi wa dawa hiyo, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Ivermectin huua minyoo wachanga lakini haimuui mnyoo mkubwa, hivyo hulazimika kumezwa kila mwaka au mara mbili kwa mwaka. Uganda, ambayo ilikuwa na usubi wa aina hiyo hiyo ya kaa kwenye mlima Elgon, ilianza mwaka wa 2007 sera ya kuutokomeza kabisa kwa kuchanganya dawa hiyo na kuua viluwiluwi mitoni. Tanzania bado ina kazi katika maeneo kama Mahenge, mkoani Morogoro.

Utafiti wa kimataifa wa mzigo wa maradhi ulikadiria kuwa mwaka wa 2017 watu milioni 20.9 duniani walikuwa na minyoo ya usubi, na milioni 1.15 kati yao walikuwa wamepoteza uwezo wa kuona kwa kiasi fulani au kabisa. Zaidi ya asilimia 99 ya walioambukizwa huishi Afrika.

Januari 2025, Niger ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuthibitishwa na WHO kuwa imeukomesha usambazaji wa usubi. Msomaji atauliza kwa nini si Kenya, iliyommaliza inzi wake miongo kadhaa kabla. Jibu ni kwamba uthibitisho hautolewi kwa historia. Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2016 unataka inzi wachunguzwe kwa vipimo vya chembe za urithi, na watoto wa chini ya miaka 10 wapimwe damu, ambapo wenye dalili za kuambukizwa wasifike hata mmoja kati ya 1,000. Anayedai hana ugonjwa sharti aonyeshe kwamba ameutafuta.

Vikope huko, virusi huku

Mchochota mwingine unaohesabiwa vyema ni trakoma, au vikope, unaoletwa na bakteria na kuenezwa kwa mikono, nguo na nzi wa kawaida. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ndani ya kope hujaa makovu. Akiwa mtu mzima kope hujipinda, na nywele zake hukwaruza konea kila anapopepesa.

Kenya ilifanya uchunguzi mwaka wa 2004 katika wilaya sita za wakati huo, zikiwemo Narok, Kajiado, Samburu, Baringo na Pokot Magharibi. WHO ina kipimo kinachoeleweka: ugonjwa ukipungua chini ya asilimia 5 ya watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 9, na waliopinda kope wakawa chini ya asilimia 0.2 ya watu wazima, basi si janga tena. Ni ugonjwa wa maeneo makavu ya wafugaji, wala Homa Bay haimo katika orodha hiyo.

Homa Bay ina mzigo wake mwingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, kiwango cha juu zaidi nchini, na Migori asilimia 13. Mwaka wa 2012, uchunguzi wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) huko Ndhiwa ulipata kuwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa navyo.

Virusi hivyo hufungua mlango kwa maradhi mengi ya macho. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso na kufika ncha ya pua, jicho la upande huo limo hatarini. Kinga ikishuka kupita kiasi, virusi vingine vinavyoitwa saitomegalo hula retina pole pole bila maumivu yoyote. Kifua kikuu na kaswende navyo huweza kuingia ndani ya jicho.

Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zimebadilisha hali hiyo. Hospitali ya Homa Bay ni mahali ambapo MSF ilianza mwaka wa 2001 kuzitoa bila malipo, kabla ya hospitali nyingine za umma nchini. Lakini hata tiba ina kinaya chake: baadhi ya wagonjwa ambao retina zao ziliwahi kushambuliwa hupata mchochota mpya kinga yao inapopata nguvu tena, kwa kuwa askari waliokuwa wamelala huamka na kukuta mabaki ya adui. Hilo si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa macho anapolalamika kwamba anaona madoa yanayoelea.

Hesabu inavyopotea

Kwa nini basi usubi na vikope vinahesabika ilhali mchochota wa uvea hauhesabiki? Sababu ya kwanza ni vifaa. Kope hupinduliwa kwa kidole na kuangaliwa kwa miwani ya kukuza. Ngozi hukatwa kwa wembe. Uvea huhitaji darubini maalumu ya macho na mtu aliyefunzwa kuitumia, na wengi wa madaktari bingwa wa macho wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Mashinani kazi huwaangukia maafisa wa kliniki waliosomea macho na wauguzi.

Sababu ya pili imo katika namna upofu unavyohesabiwa. Uchunguzi wa haraka unaotumiwa na nchi nyingi, ambao Nakuru ilifanyiwa mwaka wa 2005, huwapima watu wa miaka 50 na zaidi pekee. Huko Nakuru, karibu asilimia 2 ya waliopimwa walikuwa vipofu, na mtoto wa jicho ndiye aliyelaumiwa kwa sehemu kubwa zaidi. Lakini mchochota wa uvea huwapata zaidi watu wa umri wa kufanya kazi, ambao hawamo katika sampuli hiyo.

Isitoshe, mchochota wa muda mrefu huzaa mtoto wa jicho na presha ya macho. Kanuni ya uchunguzi huo ni kuandika chanzo ambacho ni rahisi zaidi kutibiwa. Mwanamke wa miaka 55 ambaye jicho lake lilianza kuuma akiwa na miaka 30 ataandikwa kuwa na mtoto wa jicho. Mchochota wenyewe haumo katika daftari. Huo ni uamuzi wenye mantiki kwa anayepanga upasuaji, ila ni hasara kwa anayetaka kujua ugonjwa ulianzia wapi.

Katika nchi za Magharibi, mchochota wa uvea hukadiriwa kusababisha takriban asilimia 10 ya upofu. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mzigo huo ni mwepesi zaidi mahali penye kifua kikuu na virusi vya Ukimwi kwa wingi.

Gharama ya kutohesabu huonekana dukani. Mtu mwenye jicho jekundu hununua matone yenye steroidi bila kuandikiwa na daktari. Matone hayo hutuliza mchochota wa uvea, na yakisimamiwa vyema ndiyo tiba yake. Yakitiwa katika jicho lenye kidonda cha virusi vya hepesi huweza kuongeza kidonda, na yakitumiwa kwa miezi huongeza presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Wengine hutia maji ya mitishamba, ambayo huacha vidonda na ukungu kwenye konea.

Dalili za kumpeleka mtu hospitalini bila kusubiri ni jicho jekundu lenye maumivu ya ndani, kuumizwa na mwanga, kuona ukungu, madoa yanayoelea au mboni isiyo mviringo. Jicho jekundu lisilotoa tongotongo lakini linaumizwa na mwanga lapaswa kutiliwa shaka zaidi kuliko lile linalonata asubuhi. Na kwa mwenye mkanda wa jeshi usoni, dawa za kuua virusi hufaa zaidi zinapoanzwa katika siku tatu za kwanza baada ya malengelenge kutokea.